Mafuta, Oili na Kufuli la Maji: Uhakiki wa Istilahi za Uharibifu wa Injini

Katika kupitia tafsiri zinazoletwa mezani petu, tumekutana na kijitabu kimoja cha matumizi ya magari. Lugha yake kwa jumla ni fasaha, na mfasiri wake anastahili pongezi. Hata hivyo, zimo istilahi mbili ambazo, kwa maoni yetu, hazifai kuachwa zipite, kwa sababu atakayezifuata aweza kuiua injini huku akiamini kwamba ametii maelekezo.

Ya kwanza inahusu taa nyekundu yenye alama ya birika. Kijitabu kinasema: "Mafuta yamepungua, ongeza." Neno mafuta hapa ni pana mno. Kwa dereva, mafuta ni petroli au dizeli. Kile kinacholainisha vyuma ndani ya injini, yeye na fundi wake hukiita oili, nasi hatuoni sababu ya kuwanyang'anya neno linalotenganisha vitu viwili vizuri hivyo.

Kosa la pili katika sentensi hiyohiyo ni kubwa zaidi. Katika magari mengi taa hiyo haipimi wingi wa oili. Huwashwa na swichi inayohisi shinikizo. Wingi hupimwa kwa stiki. Pampu huivuta oili kutoka kwenye sampo na kuisukuma hadi kwenye beringi za krankshafti, ambako utando wake mwembamba huzuia chuma kisisuguane na chuma. Shinikizo likipotea, utando hukatika, beringi hupata moto, na injini yaweza kuharibika kabisa katika dakika chache. Nalo shinikizo laweza kupotea hata kama sampo imejaa: pampu ikichakaa, chujio lake likiziba, beringi zikilika, au oili ikichanganyika na petroli na kuwa nyepesi mno.

Mfikirie basi dereva aliyeambiwa kwamba kimepungua kitu. Atasimama, atafungua boneti, atachomoa stiki na kuona oili imefika mahali pake. Atasema taa ni mbovu, kisha ataendelea na safari. Hakuasi neno hata moja la kijitabu.

Kuhusu shinikizo lenyewe, twajua kwamba walimu wa fizikia hutumia kanieneo, na gereji husema presha. Kanieneo lafaa darasani, kwa kuwa lajifafanua: ni kani juu ya eneo. Lakini barabarani twapendelea shinikizo, ambalo wananchi wamekwisha kulizoea kwa kusikia habari za shinikizo la damu.

Istilahi ya pili ni "kufuli la maji". Hii ni tafsiri sisisi, na picha iliyomo inapotosha. Kufuli hufunguliwa kwa ufunguo, na ufunguo ndio hasa dereva aliokwisha kuushika mkononi! Ataupiga mara ya pili na ya tatu, na hapo ndipo hasara inapotimia.

Pistoni hupanda ikigandamiza hewa. Hewa hugandamizika, maji hayagandamiziki ila kwa kadiri ndogo sana. Tuchukue injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,000, yenye silinda 4 na uwiano wa mgandamizo wa 10 kwa 1. Pistoni ifikapo kileleni, nafasi inayobaki juu yake ni kama sentimita za ujazo 55, yaani pungufu ya vijiko vinne vya chakula. Katika injini ya dizeli ya ukubwa huo yenye uwiano wa 20 kwa 1, ni kama 26 tu. Maji yakizidi hapo pistoni hukwama, mkono wake hupinda au hukatika, na pengine huutoboa mwili wa injini.

Neno maji nalo ni finyu. Ni kweli kwamba hatari huwa kubwa barabara zinapofurika, kama pale Jangwani katika bonde la Msimbazi, Dar es Salaam. Lakini silinda yaweza kuingiwa na maji ya rejeta gasketi ikiungua, au na mafuta nozeli ikivuja, bila tone la mvua. Twapendekeza mkwamo wa kimiminika.

Tumeulizwa mbona tusitumie kunoki, neno la gereji linaloeleweka na wote. Hatulidharau. Lakini gereji husema injini imenoki iwe imekufa kwa maji, kwa kukosa oili au kwa joto. Lafaa kutaja matokeo. Halifai kutolea tahadhari, kwani tahadhari haina budi kutaja chanzo wakati dereva bado aweza kufanya jambo.

Kwa hiyo twashauri kijitabu kisahihishwe hivi. Penye taa: "Shinikizo la oili limeshuka. Simama mahali salama, zima injini mara moja." Penye mafuriko: "Injini ikizimika majini usiiwashe tena. Fundi ang'oe kwanza plagi au nozeli ili kimiminika kitoke."

Twawaomba wafasiri wa vitabu vya aina hii, kabla ya kuvipeleka mtamboni, wamsomee dereva mmoja na fundi mmoja, kisha wawaulize watafanya nini. Maoni ya wasomaji, hasa walimu wa vyuo vya ufundi, yatapokewa kwa shukrani.