Ulimi hauna kosa: juu ya filamu "Tongue Tie"

Wale kati yetu wanaosoma Kingereza kusudi wakafundishe, mutafute filamu moja fupi ya Korea ya Kusini: "Tongue Tie" ya Park Jin-pyo. Iko ndani ya "If You Were Me" ya mwaka 2003, filamu sita fupi zilizoagizwa na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya kule. Hadithi yake ni nyepesi kueleza, lakini ni nguvu kuiangalia: mutoto mudogo anapelekwa kwa munganga akatwe kile kinyama chembamba chini ya ulimi, kusudi atamke "r" sawa Mumarekani.

Mama yake anamupenda, njo maana inauma zaidi. Hapo filamu imefaulu. Lakini inaacha swali kubwa: juu ya nini watu waliamini kosa liko kwa ulimi?

Tusikilize Kikorea chenyewe. Neno "saram", maana yake mutu, liko na sauti karibu na "r" yetu. Neno "mul", maji, linaisha na "l". Basi ulimi wa ule mutoto hauna kifungo. Shida ni kwamba Kikorea kinaandika zote mbili kwa herufi moja, na sikio halijafunzwa kuzitenganisha. Hata kwetu kuna wanaosema "kurara" pahali pa "kulala", na hakuna anayepelekwa hospitali.

Tena "r" siyo shida yote. Kikorea hakipendi konsonanti zifuatane, kinaingiza vokali katikati. "Christmas" ya Kingereza iko na silabi 2. Kwa Kikorea inakuwa "keuriseumaseu", silabi 5. Sisi wa "Krismasi" tunajua hiyo tabia! Jennifer Jenkins, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alitetea kwamba kipimo ni kueleweka, siyo kufanana na Mwingereza. Kwake, "th" inaweza kuachwa. Lakini konsonanti za mwanzo wa neno, na mukazo juu ya neno kubwa la sentensi, hapana kuzichezea.

Filamu ingetupeleka pia darasani. Mutihani wa kuingia chuo kikuu kule uko na maswali 45 ya Kingereza: 17 ya kusikiliza, 28 ya kusoma. Ya kusema, hata moja. Kwa hiyo matamshi yanabaki kazi ya wazazi na pesa zao, na pahali mwalimu hayuko, hofu inafundisha.

Kutenganisha "light" na "right" ni lazima, sikatai. Lakini inafundishwa kwa kusikiliza mara mingi, polepole, mbele ya kusema. Wewe utakayesimama darasani kesho, usimwambie mutoto ulimi wake ni muzito. Umuulize kwanza alisikia nini.