Jina na Yaliyomo

Kwa miaka mingi niliwafundisha wanachuo wa ualimu uhakiki wa fasihi. Onyo langu la kwanza lilikuwa hili: usikisifu kitabu kwa jalada lake. Onyo hilo nililivunja mimi mwenyewe.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti iliyopewa jina la Kiswahili: Uhuru. Nilikuwa kijana wa miaka 20 hapa Morogoro, nasomea ualimu. Baadaye, kila nilipopata nafasi darasani, nilitamba kwamba lugha yetu imefika angani.

Siku moja mwanachuo akaniuliza, "Mwalimu, ukiliondoa jina, humo ndani chetu ni kipi?"

Nilikosa jibu. Setilaiti na roketi vilikuwa vya Wamarekani; waliorusha ni Waitalia. Kenya ilitoa bahari iliyo jirani na ikweta, ambako mzunguko wa dunia, takriban kilometa 1,670 kwa saa, huisukuma roketi bila malipo. Kazi yenyewe ilikuwa kubwa. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kuchunguza eksirei za angani, na iliorodhesha vyanzo 339. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Siibezi hata kidogo. Nasema tu kwamba jina lilikuwa letu, watunzi walikuwa wengine.

Wazee wa Uluguru wanaujua ushirika wa namna hiyo. Mwaka 1955 waliukataa mpango wa wakoloni wa kuwalazimisha kuchimba matuta milimani. Kuhifadhi udongo si jambo baya. Ubaya ni kwamba mwenye mlima alitakiwa kutoa mikono tu, akili itoke kwa mwingine.

Ndiyo maana naisifu zaidi 1KUNS-PF, japo jina lake halitamkiki. Mchemraba huo wa sentimeta 10 uliundwa na Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, ukaachiwa angani Mei 2018. Kisha Aprili 2023 ikafuata Taifa-1, iliyosanifiwa na wahandisi wa Kenya. Kasoro yake naitaja pia: ilirushwa kutoka California, ilhali jukwaa la Malindi halijarusha roketi tangu 1988.

Nasi Watanzania? Vijito vya Uluguru huujaza Ruvu, na Ruvu huinywesha Dar es Salaam. Msitu ukifyekwa huko juu, setilaiti itaona. Je, picha hiyo ataisoma nani? Natamani awe kijana wa Chuo Kikuu cha Sokoine, hapa chini ya mlima, aliyeshiriki pia kuiunda kamera. Siku hiyo setilaiti yetu na iitwe jina lolote, sitanung'unika.