Kabla na Baada ya Mashine

Mgeni akiingia chumba cha dialisisi, Kitale au Bungoma, macho yake hukimbilia mashine: taa, mlio, mirija myekundu. Mashine hizo zilienea katika hospitali za kaunti tangu 2015, serikali ilipoanza mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu. Kabla ya hapo wagonjwa wengi wa huku walikuwa wakipanda matatu kwenda Eldoret. Mashine hizo ni za kusifiwa, lakini ufundi unaostaajabisha uko mikononi mwa muuguzi, kabla mashine haijawashwa na baada ya kuzimwa.

Ufundi huo huonekana kwenye katheta inayomuunganisha mgonjwa na mashine: mrija laini unaopitishwa katika mshipa mkubwa wa shingo hadi karibu na moyo. Nje una vichwa viwili: chekundu cha kuvuta damu, cha buluu cha kuirudisha. Damu ikitulia ndani huganda. Na kijidudu cha ngozini kikipenya kwenye kifuniko, kimeshafika moyoni.

“Kuka (babu), geuza uso kule,” muuguzi wa Bungoma humwambia mzee. Wote wawili wamevaa barakoa, maana pumzi nayo hubeba vijidudu. Kichwa cha katheta husuguliwa kwa klorheksidini yenye spiriti, mikunjo yote, kisha huachwa kikauke chenyewe. Hapa mwanagenzi hujulikana: atakipepea kwa mkono ili awahi. Fundi husubiri. Kisha huvuta nje hepari, dawa ya kuzuia damu kuganda, iliyolala humo tangu kikao kilichopita na kuitupa, kwani kuisukuma ndani ni kumpelekea mgonjwa mgando pamoja na hepari asiyoihitaji.

Saa nne baadaye, mashine ikishazimwa, mrija husafishwa kwa maji ya chumvi, kwa kusukuma na kusita, kusukuma na kusita, ili mkondo ukwangue kuta. Hufuata hepari, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye mrija wenyewe, mara nyingi kati ya mililita moja na mbili. Ikipungua, damu hubaki kwenye ncha; ikizidi, humwagikia mwilini na mgonjwa aweza kuvuja damu. Kibanio hufungwa kidole gumba kingali kinasukuma, damu isipate nafasi ya kurudi nyuma. (Hepari ilianzia Baltimore mwaka wa 1916: mwanafunzi wa udaktari, Jay McLean, alikuwa akitafuta kinachogandisha damu, akakumbana na kinachoizuia.)

Kinachobaki humtegemea mgonjwa, naye anarudi kwenye vumbi la kupukuchua mahindi na maji ya beseni. Bandeji ikilowa, kazi yote imeharibika. Tatizo kubwa zaidi ni homa. Bungoma ni nchi ya malaria. Mtu akitetemeka, jamaa hukimbilia duka la dawa kununua vidonge. Kwa mwenye katheta, mtetemo huo, hasa ukianza akiwa kwenye mashine, huenda ni vijidudu vilivyoingia damuni. Ndiyo maana wauguzi humsisitizia aje hospitali kwanza, damu yake ichukuliwe kwa uchunguzi kabla hajameza chochote.