Kiangazi na Pumziko la Mimea: Tahakiki ya Tafsiri

Kazi ya mfasiri haiishi pale anapopata neno la Kiswahili la kuweka mahali pa neno la kigeni. Hana budi pia kujiuliza kama msomaji wake, akilifuata neno hilo kwa vitendo, atafika mahali alipokusudia mwandishi. Katika makala haya tunakusudia kuyapima kwa kipimo hicho maelekezo ya utunzaji wa maua ya vyungu, hasa yale yahusuyo mimea ambayo huko kwao huacha kukua wakati wa joto. Jambo hili huenda likaonekana dogo, lakini kosa lake ni lile lile liwezalo kuingia katika vitabu vya kilimo na vya sayansi.

Tuchukue sentensi ya aina ambayo mfasiri aweza kuiandika bila kusita: "Mmea huu hulala wakati wa kiangazi, usiumwagilie maji." Sarufi yake haina dosari. Dosari imo katika maneno mawili: kiangazi na hulala.

Watu wa Ulaya huyagawa majira yao manne kwa kadiri ya joto na urefu wa mchana. Mjini London mchana wa mwezi wa Juni huzidi saa 16, na wa Desemba hupungua chini ya saa 8. Kiswahili kimeyapa majira majina kwa kufuata zaidi mvua na pepo, na kiangazi chetu ni wakati wa jua na ukosefu wa mvua. Sasa tumfikirie mwalimu wa Nyarero, wilayani Tarime. Yeye yuko kusini kidogo tu ya Ikweta, na mchana wake mrefu haumzidi ule mfupi hata kwa robo saa. Kwa kawaida mvua kubwa za huko ni za Machi hadi Mei, na nyingine huja miezi ya mwisho wa mwaka. Baina yake kuna vipindi viwili vya uhaba wa mvua: Januari na Februari, kisha Juni hadi Agosti. Akiambiwa "kiangazi", ashike kipi? Msomaji wa Dodoma, ambako mvua ni za msimu mmoja, ataelewa kipindi kirefu kianzacho baada ya Aprili. Msomaji wa pwani naye atafikiria joto la kaskazi. Neno ni moja, na kila msomaji ana miezi yake.

Wala kutaja miezi peke yake si dawa. Siklameni, ua la nchi za mashariki ya Bahari ya Mediterania, hupumzika kwao kati ya Juni na Agosti. Mimea mingi ya Rasi ya Tumaini Jema yenye mashina ya ardhini yaliyovimba kama vitunguu hupumzika Desemba hadi Februari. Sababu yao ni moja: katika nchi hizo mvua hunyesha wakati wa baridi, na joto huja pamoja na ukame. Majani hugeuka manjano na kukauka, nacho kiazi hubaki hai udongoni. Mwenye chungu akiendelea kumwagilia, kiazi huoza. Akidhani mmea umekufa, hukitupa kingali hai.

Upande wa pili uko mmea uitwao waridi la jangwani, mwenyeji wa sehemu kavu za Afrika ya Mashariki. Huu hupukutisha majani wakati wa ukame na kuishi kwa maji yaliyo katika shina lake nene. Mkulima wa Ulaya huupumzisha wakati wa baridi, na mwandishi wake huandika hivyo. Mfasiri akimfuata neno kwa neno, mwalimu wetu ataingoja baridi ya Ulaya isiyofika Nyarero, ilhali mmea wenyewe umezaliwa katika nchi zetu.

Tuje kwenye neno kulala. Mkulima asemapo kwamba mpunga wake umelala, maana yake ni kwamba umeangushwa na upepo au mvua. Kwa hiyo neno hilo tayari lina kazi nyingine shambani. Wako wanaopendelea bwete. Lakini kukaa bwete ni kukaa bure bila kazi, na lawama imo ndani yake. Mmea unaojihifadhi haustahili lawama hiyo. Sisi tunapendekeza pumziko. Mkulima hulipumzisha shamba ili lirudi na nguvu, na maana hiyo ndiyo hasa tunayoitafuta. Tena neno hili huzaa mengine kwa urahisi: pumziko la ukame, pumziko la joto, pumziko la baridi. Istilahi hizi hutaja sababu badala ya kalenda, kwa hiyo zaweza kutumika Nyarero, Dodoma na Cape Town pia.

Sentensi yetu basi yafaa iandikwe hivi: "Majani yakianza kugeuka manjano kwa joto na ukame, mmea unaingia katika pumziko. Punguza maji kidogo kidogo, kisha uache. Weka chungu kivulini, pakavu. Chipukizi zikitokea, anza tena kumwagilia." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, lakini mwenye kuifuata hautazami mwezi, huutazama mmea wake.

Yapo maelezo yasemayo kwamba Kiswahili hakitoshi kueleza mambo ya sayansi. Mfano huu waonyesha kwamba mara nyingine lugha inatosha, ila mfasiri hakuuliza jambo lenyewe kabla ya kuuliza neno. Utaratibu wetu wa kuunda istilahi hutaka tukitazame kwanza Kiswahili na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu. Kikuria ni mojawapo. Walimu na maafisa wa kilimo walioko Tarime wangetusaidia sana wakikusanya maneno ambayo wakulima huyatumia kutofautisha mmea uliokufa, ulionyauka na unaopumzika, na kutuletea yajadiliwe kabla istilahi hizi hazijasanifiwa.