"Msuguano" wa Vitu Visivyosuguana

Jaribio la kupima msuguano tuli ni mojawapo ya majaribio mepesi kabisa ya fizikia, nalo lataka vifaa vichache: kipande cha mbao, meza, na mizani ya springi. Kipande hufungwa kwenye ndoana ya mizani, kisha huvutwa polepole sambamba na uso wa meza. Mizani ikionyesha nyutoni 1 na kipande hakijasogea, msuguano nao ni nyutoni 1. Ikionyesha 2, msuguano ni 2. Hata ifikapo 4, kwa mfano, kipande huchomoka ghafula, na mshale hurudi kwenye 3 kikiendelea kwenda kwa mwendo usiobadilika. Fizikia yake haina utata. Utata umo katika Kiswahili kinachotumiwa kuieleza.

Msuguano umetokana na kusuguana, na kiambishi -an- kimekaa mahali pake, kwa kuwa kila uso hutenda juu ya mwenziwe. Taabu i katika shina. Asuguaye hupitisha kitu juu ya kitu. Sufuria haitakati kwa kuwekewa majivu pasipo mkono kwenda na kurudi. Kuongeza neno "tuli", kama ilivyofanywa katika "umeme tuli", ni kutaja kusugua kusikosugua. Basi mwanafunzi wa shule ya msingi ajibuye kwamba hapakuwa na msuguano kwa sababu kipande hakikusogea, hakukosa akili. Amelitii neno alilopewa.

Kosa hili si la Kiswahili peke yake. Kilatini fricare ni kusugua, na ihtikak ya Kiarabu na Reibung ya Kijerumani zina asili hiyo hiyo. Wajerumani, hata hivyo, husema Haftreibung, na sehemu ya kwanza ya neno hilo yaleta maana ya kunata. Maana hiyo yaafikiana na aliyoyaona Charles-Augustin de Coulomb katika majaribio yake ya Rochefort, Ufaransa, mwaka 1779: mbao zilizokaa zimegusana kwa muda zilihitaji kani kubwa zaidi kuziondosha kuliko zilizowekwa punde hiyo.

Kiswahili hakikukosa malighafi ya kuisemea hali hiyo. Kina -am-, kiambishi kisichozalisha tena maneno mapya lakini kilicho hai katika kukwama, kuinama na kushikamana, ambacho huonyesha kitu kukaa katika hali yake. Kina pia -at- ya kukumbata, kufumbata na kuambata, ionyeshayo mgusano. Hali na mgusano: ndiyo maana nzima ya msuguano tuli. Lakini "mshikamano" limekwisha kuchukuliwa na siasa, na "mgandamano" lingechanganywa na "mgandamizo". Kwa hiyo yafaa jina libaki kama lilivyozoeleka, na fasili ndiyo itengenezwe, iseme kushikamana mahali ambapo sasa yasema kusuguana.

Kani ya pili katika jaribio hili haikutendewa vema zaidi. "Kani inayotumika" haisemi yatumiwa na nani wala juu ya nini, na "kani ya mvuto" humpeleka msomaji kwenye mvutano wa dunia, ilhali mvutaji hapa ni mkono wa mwanafunzi. "Kani ya mkono" ingetosha. (Atumiaye ubao ulioinamishwa huepukana na shida hii, maana hapo hakuna avutaye.)

Baya kuliko yote ni sentensi ya matokeo: "Msuguano tuli ni nyutoni 4." Nyutoni 4 ni upeo wake tu, kabla ya hapo ulikuwa sawasawa na kani ya mkono, tangu sifuri. Na kipimo hicho husomwa mpakani, kati ya hakijasogea na kimesogea, mpaka ambao Kiswahili huuweka wazi kwa silabi moja. Maelekezo ya jaribio yangeweza kusema hivi: "Ongeza kani ya mkono kidogo kidogo, nawe uandike kipimo cha mwisho kilichosomwa kipande kikiwa hakijasogea; hicho ndicho upeo wa msuguano tuli."