Sauti ya Kwanza ya "Malaika"

Ziwa Chala limo ndani ya shimo la volkano, upande wa mashariki wa Mlima Kilimanjaro, na mpaka wa Kenya na Tanzania wapita katikati ya maji yake. Mgeni asimamaye juu ya ukingo wake hutafuta mto uingiao, asiuone. Hutafuta mto utokao, asiuone pia. Maji huja kwa njia ya chini ya ardhi, na kwa njia hiyo huondoka. Nyimbo nyingi zina hali kama hiyo. Twazisikia zimejaa na zimetulia mbele yetu, lakini hatujui zilikotoka.

Siku moja, huko Chala, niliwauliza vijana wawili wa shule kama waujua wimbo wa "Malaika". Wote wawili waliujua. Nikawauliza ni wa nani. Wa kwanza alijibu bila kusita kwamba ni wa Miriam Makeba wa Afrika Kusini. Wa pili alimcheka mwenzake, akasema kuwa ni wa Boney M., kundi la Ulaya. Hakuna aliyemtaja Fadhili William, aliyezaliwa mwaka 1938 katika nchi yao wenyewe ya Taita Taveta, na ambaye jina lake la mwisho, Mdawida, latangaza kabila lake la vilima vya Taita. Jibu lao lilinisikitisha, ila sikuweza kuwalaumu. Mtu huujua wimbo kwa sauti iliyomfikia, na sauti ya kwanza ya wimbo huu ilifunikwa na nyingine zenye nguvu kuliko yenyewe. Yafaa basi tuzipime sauti hizo moja baada ya nyingine, tuone kila moja imeongeza nini na imepoteza nini.

Fadhili William aliutia wimbo huu katika santuri mnamo mwaka 1960, pamoja na bendi iliyoitwa Jambo Boys. Sahani za siku zile hazikuchukua zaidi ya dakika chache kila upande, kwa hiyo mwimbaji hakuwa na nafasi ya maneno mengi. Habari ya wimbo ni fupi pia. Kijana ampenda msichana, naye angependa kumwoa, lakini hana mali. Humwita malaika, na humwita ndege mdogo, kisha hukiri kuwa ameshindwa. Hayo ndiyo yote. Hapana kisa kirefu, wala hapana jibu la msichana.

Mhakiki mkali aweza kusema kuwa huu ni upungufu, kwamba wimbo wa mapenzi usio na sauti ya mpendwa ni nusu ya wimbo. Lawama hiyo ina haki yake. Lakini tazama kile ambacho kijana huyu hakukifanya. Hakuwatukana wazazi wa msichana kwa kudai mahari. Hakuwalaani matajiri. Hakujisifu kuwa moyo wake ni bora kuliko ng'ombe na fedha za wengine. Alisema tu kuwa hana, na kwa kuwa hana, hawezi. Katika nchi zetu, ambako ndoa ni mapatano ya jamaa mbili, kila kijana maskini ameyajua maumivu hayo, na wachache waliweza kuyasema bila hasira. Sauti ya Fadhili ni nyororo wala haina haraka, na magitaa yaenda nayo kwa mwendo wa mtu atembeaye peke yake jioni. Maneno na mwendo vyapatana. Kupatana huko ndiko uzuri wa kwanza wa wimbo huu, na ndiko kipimo nitakachokitumia kwa sauti zilizofuata.

Baadaye, katika miaka hiyo hiyo ya 1960, Fadhili aliuimba tena wimbo wake katika studio ya Equator Sound mjini Nairobi, iliyokuwa chini ya Charles Worrod. Hapo twajifunza kuwa kurudia si kosa. Mwimbaji mwenyewe alirudia. Wimbo si jiwe la kaburi, lisiloguswa likisha kuchongwa. Hufanana zaidi na shamba, ambalo hulimwa kila msimu na kila mkulima huacha alama ya jembe lake.

Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte walitoa santuri ya pamoja huko Marekani, na mwaka uliofuata santuri hiyo ilipata tuzo ya Grammy. Ndani yake wimbo wetu waimbwa na sauti mbili, ya kiume na ya kike. Faida yake ni kubwa. Kiswahili kilisikika katika nyumba ambazo hazijapata kukisikia, tena kwa sauti ya mwanamke ambaye wachache duniani walilingana naye kwa kuimba. Lakini hapa pana jambo la sarufi linalotupasa kulitazama. Katika Kiswahili mwanamume huoa, na mwanamke huolewa. Makeba aliyachukua maneno ya kijana kama yalivyo, na kitenzi cha kuoa kikabaki kinywani mwa mwanamke. Wako walimu wanaosema kuwa hilo ni kosa wazi, na kwamba ilimpasa ageuze kitenzi. Mimi sioni hivyo. Mwimbaji aweza kuazima kinywa cha mtu mwingine, kama vile mtambaji wa hadithi anavyoweza kusema kwa kinywa cha mzee, cha mtoto au cha sungura. Lau Makeba angaligeuza kitenzi, angaligeuza na kisa chote, kwa kuwa mzigo wa mahari haumwelemei msichana kama umwelemeavyo kijana.

Hasara ya kweli haikuwa katika kitenzi. Ilikuwa katika masikio ya wasikilizaji. Maelfu ya watu waliupenda wimbo bila kujua hata neno moja lake. Kwao ulikuwa sauti tamu kutoka Afrika, basi. Kijana asiye na mali alitoweka, na umaskini wake ukatoweka pamoja naye. Hilo si kosa la Makeba. Ni hatari inayoungoja kila wimbo uvukao bahari.

Hatari hiyo yaonekana wazi zaidi mwaka 1981, wakati Boney M., kundi lililoundwa Ujerumani, lilipoutoa wimbo kwa mtindo wa disko. Siwalaumu watu kwa kucheza ngoma. Hata huzuni huchezwa katika mila nyingi za Afrika. Lakini mchezaji wa ngoma ya msiba ajua kuwa yuko msibani. Hapa ngoma yavuta upande mmoja na maneno yavuta upande mwingine, na msikilizaji ajuaye Kiswahili hujikuta akiruka kwa furaha huku mtu aeleza kushindwa kwake. Kwa kipimo chetu cha kupatana, sauti hii ndiyo iliyo mbali kuliko zote. Miaka 10 baadaye, mwaka 1991, Angélique Kidjo wa Benin aliuimba katika santuri yake iitwayo Logozo, na kwake upole ulirudi. Yeye pia ni mgeni katika lugha yetu, lakini aliimba kama ajuaye kuwa anasimulia jambo zito. Basi hatuwezi kusema kuwa kila sauti ya baadaye ni mbaya. Twaweza kusema tu kuwa iliyofuata maana ilifaulu, na iliyofuata mdundo peke yake ilipungukiwa.

Limebaki swali la haki. Fadhili William si peke yake aliyetajwa kuwa mtunzi. Adam Salim alisema kuwa aliutunga mwaka 1945, na watu wengine wamemtaja Lucas Tututu wa Mombasa. Ugomvi huo haukumalizika, na Fadhili alifariki mjini Nairobi mwaka 2001. Mwanafunzi mwema hatatoa hukumu kwa kumpendelea mtu wa kwao. Ni lazima atenganishe mambo: mtunzi ni mmoja, aliyeimba kwanza katika santuri aweza kuwa mwingine, na aliyeutangaza duniani aweza kuwa wa tatu. Kila mmoja ana heshima yake, na kumpa mmoja heshima ya wote ni dhuluma. Dhuluma za namna hii si ngeni. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi "Mbube" mwaka 1939 na kuuza haki yake kwa shilingi 10 tu. Wimbo ule ulizunguka dunia kwa jina jingine, naye akafa maskini mwaka 1962. Jamaa zake walipata mapatano ya fidia mwaka 2006, baada ya miaka 44.

Narudi kwa vijana wangu wa Chala. Niliwapigia sauti ya Fadhili William, nao wakanyamaza mpaka mwisho. Yule aliyemtaja Boney M. alisema, "Mwalimu, huyu haimbi ili tucheze. Anamwambia mtu jambo." Sijasoma katika kitabu chochote uhakiki wa wimbo huu uliokuwa mfupi na wa kweli kuliko huo.

Nanyi msomao, usikieni wimbo upendwao kwa sauti yake ya kwanza kabla ya kuusifu kwa sauti ya mwisho. Ulizeni ni nani asemaye, asema nini, na jina la nani limesahauliwa. Maji ya Chala hayana mto uonekanao, lakini mlima yatokako uko hapo hapo, mbele ya macho ya kila ainuaye kichwa.