Maoni ya Kijiweni, Tozo ya Simu na Wajibu wa Kada

Katika madarasa ya itikadi tunayoyaendesha kwa makada na vijana wa Mkoa wa Singida kuna tabia moja ambayo hatuna budi kuikosoa hadharani. Kada akiulizwa juu ya simu, kompyuta, siasa ya Serikali katika mawasiliano au sheria inayohusika, hujibu upesi na kwa kujiamini sana. Aghalabu jibu lenyewe amelipata kijiweni, au katika ujumbe alioletewa na rafiki asubuhi ile. Akiulizwa ni sheria gani, ya mwaka gani, na nani mwenye madaraka ya kuibadili, hunyamaza. Akiulizwa ni tabaka gani linafaidika na nani anayeumia, hucheka, kana kwamba swali hilo ni la wazee wa zamani.

Tuseme mapema kwamba hatukusudii kuwadharau wananchi wanaozungumza kijiweni. Mkulima na mwendesha bodaboda wana haki ya kutoa maoni bila kuonyesha cheti. Ukosoaji wetu unawahusu wale ambao kazi yao ni kuyapokea maoni hayo, kuyachunguza na kuyafikisha panapohusika, lakini wao wenyewe wamegeuka kuwa wanakijiwe wenye kadi.

Mfano uliokomaa kuliko yote ni tozo ya miamala ya simu. Sheria ya Fedha ya mwaka 2021 iliirekebisha Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 kwa kuongeza kifungu cha 46A, na tarehe 15 Julai 2021 tozo ikaanza kukatwa kwa kila anayetuma na kila anayetoa fedha kwa simu. Kiwango kilikuwa kati ya Sh. 10 na Sh. 10,000 kwa muamala, kwa kufuata ukubwa wa fedha. Shabaha iliyotangazwa ilikuwa kupata fedha za maendeleo, vikiwemo vituo vya afya katika tarafa na madarasa ya shule. Hakuna mwana-Ujamaa wa kweli atakayesema kuwa shabaha hiyo ni mbaya. Zahanati hazijengwi kwa nyimbo.

Basi yalisemwa nini? Katika Singida mjadala ulichukua sura ya pekee, kwa sababu Waziri wa Fedha wa wakati ule, Ndugu Mwigulu Nchemba, alikuwa Mbunge wa Iramba Magharibi, yaani mtoto wa nyumbani. Kwa hiyo kuanzia Kiomboi hadi Manyoni mazungumzo mengi yalimhusu mtu badala ya jambo. Wapo waliomtetea kwa kuwa ni wao, na wapo waliomshambulia kwa kuwa ni wao pia na walitarajia awaonee huruma. Makada nao, badala ya kuivuta hoja kutoka kwa mtu na kuipeleka kwenye jedwali la viwango, wakajigawa katika kambi hizo hizo mbili. Huu ni ugonjwa wa kisiasa. Siasa ya kodi ni uhusiano kati ya dola na matabaka, wala haibadiliki tabia yake kwa sababu waziri ni wa kwetu au ni wa mkoa mwingine.

Hata hivyo, chini ya porojo zile kulikuwa na ukweli ambao wataalamu wengi hawakuuona mapema. Tumchukue mkulima wa alizeti aliyeuza magunia yake mnadani, akamtumia mtoto wake aliyeko shule fedha za matumizi. Alipotuma alikatwa. Mtoto alipozitoa kwa wakala alikatwa tena. Fedha ni ile ile, jasho ni lile lile, na hakuna faida iliyozaliwa katikati. Kodi ya mapato humfuata mtu aliyepata. Tozo hii ilimfuata mtu aliyesogeza. Kijiweni walilisema hili katika wiki ya kwanza kwa maneno yao wenyewe, tena bila kalamu wala karatasi. Wengine walikwenda mbali zaidi ya kusema: wakarudi kwenye desturi ya kumkabidhi kondakta wa basi bahasha ya fedha ampelekee ndugu. Kada aliyeiona bahasha ile stendi alikuwa ameona takwimu kamili ya uchumi, kama angetaka kuisoma. Wananchi walikuwa wanakihama chombo cha kisasa na kurudi kwenye hatari za zamani, kwa kuwa chombo kilikuwa kimewazidi bei.

Kijiwe kilikosea mahali pengine. Mtu aliyetuma fedha mwezi Julai 2021 alikatwa makato ya aina mbili: ada ya kampuni ya simu na tozo ya Serikali. Ada ya kampuni haikuanza siku ile. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, zikafuata za kampuni nyingine, na kwa miaka 13 wananchi walilipa ada za kutuma na kutoa bila vikao, bila maandamano ya maneno, bila hata kuuliza ada hiyo hupangwa na nani. Tozo ya Serikali ilipopanda juu ya ada hiyo kama mzigo wa pili juu ya punda, kelele zote zikauelekea mzigo wa juu. Mzigo wa chini ukasahauliwa. Je, ni nani aliyepaswa kuwafafanulia wananchi tofauti hii? Mwenye kampuni hakuwa na sababu ya kufanya hivyo. Aliyepaswa ni kada, na kada alikuwa ananung'unika pamoja na wengine, akiita kila shilingi iliyokatwa kuwa ni tozo.

Hapa pana suala la umiliki, ambalo ndilo moyo wa itikadi yetu. Njia ambayo fedha za mkulima hupita ni nyenzo ya uchumi kama ilivyokuwa benki mwaka 1967, tulipozitaifisha. Leo Serikali ina TTCL, na tangu makubaliano ya mwaka 2019 ina hisa asilimia 49 katika Airtel Tanzania. Sehemu kubwa iliyobaki ya njia hiyo imo mikononi mwa mitaji ya binafsi, mingi yake kutoka nje. Hatusemi kwamba dawa ni kurudia kila hatua ya mwaka 1967. Tunasema kwamba mtu anayezungumza juu ya tozo saa nzima bila kugusa umiliki wa njia yenyewe bado hajaanza uchambuzi, awe kijiweni au awe darasani.

Kosa jingine ni lile la sheria. Bajeti ilipokwisha kupitishwa, tuliwasikia makada wengi, tena wenye nyadhifa, wakiwaambia wananchi: Bunge limepitisha, limekwisha, hakuna la kufanya. Maneno hayo yalionekana kuwa ya nidhamu, lakini yalikuwa ya kutojua. Sheria iliweka mipaka, kutoka Sh. 10 hadi Sh. 10,000. Ngazi za viwango ndani ya mipaka hiyo ziliwekwa na kanuni, na kanuni hutungwa na waziri na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Maana yake, viwango vingeweza kushushwa bila kungoja Bunge likutane tena. Na ndivyo ilivyotokea. Malalamiko yalipozidi, Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza suala hilo liangaliwe upya, na mwezi Septemba 2021 viwango vikapunguzwa kwa asilimia 30. Julai 2022 kiwango cha juu kikashushwa hadi Sh. 4,000, ingawa wakati huo huo tozo ilipanuliwa kugusa miamala ya benki. Nako kelele zikaanza upya, na kuanzia Oktoba 2022 sehemu ya tozo za benki ikaondolewa. Yule kada aliyesema limekwisha aliwanyima wananchi wake silaha ambayo sheria yenyewe ilikuwa imewapa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilikwenda Mahakama Kuu mwaka ule wa 2021 kuipinga tozo. Mtu anaweza kuafikiana na hatua hiyo au asiafikiane nayo, lakini walau wao walijua mlango uko wapi.

Na tuulize vilevile jinsi muswada unavyotembea. Muswada wa Sheria ya Fedha husomwa Dodoma mwezi Juni, kamati ya Bunge huwasikiliza wadau, na kwa siku chache tu mambo yamekamilika. Kutoka Singida mjini hadi Dodoma ni kama kilomita 240, safari ya saa chache kwa basi. Lakini kwa mkulima wa Mkalama chumba kile kiko mbali kuliko Ulaya. Kampuni ya simu ina mawakili wanaosoma kila kifungu kabla wino haujakauka. Mkulima huisoma sheria kwenye kioo cha simu, fedha zikiwa zimekwisha kukatwa. Ndiyo sababu maoni yake huzaliwa yakiwa yamechelewa, yenye hasira na yenye mapengo. Huo siyo upungufu wake wa akili. Ni nafasi yake katika mpango wa jamii, na kazi ya Chama cha wakulima na wafanyakazi ni kuisogeza nafasi hiyo.

Badala ya kazi hiyo, baadhi ya viongozi walichagua njia fupi. Kila lalamiko waliliita upotoshaji, na wengine wakaitaja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kama mtu anayemtajia mtoto chui. Kifungu cha 16 cha sheria hiyo ni kikali kweli kweli: faini isiyopungua milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote pamoja. Lakini kisomwe chote. Kinamhusu mtu anayechapisha kwa njia ya kompyuta habari anazojua kuwa ni za uongo, akiwa na nia ya kudhuru au kudanganya. Mzee aliyekosea hesabu ya makato yake chini ya mkuyu hayumo humo. Kiongozi anayemtisha kwa kifungu hicho naye ametoa maoni ya kijiweni, tofauti ni kwamba ya kwake yana mhuri. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika ibara ya 15, ulikwisha kukataza kiongozi kuwa na majivuno na kuwadharau anaowaongoza. Tunashangaa jinsi ibara hiyo inavyokaririwa kwa ufasaha katika mitihani yetu na kusahauliwa njiani kurudi wilayani.

Vijana wengine hudhani kwamba ubishi juu ya teknolojia umezaliwa pamoja na simu. Tuwakumbushe mwaka 1974, Serikali ilipopiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Leo hadithi hiyo husimuliwa kwa kicheko, ati wazee waliogopa mashine. Anayesimulia hivyo hajajishughulisha kuuliza sababu. Kabla ya hapo Hazina ilikuwa imejaribu kuendesha hesabu za Serikali kwa kompyuta, kwa kutegemea mitambo na wataalamu wa kigeni, na mambo yakavurugika. Marufuku ilikuwa jibu kwa swali halisi: mashine inamtumikia nani ikiwa hatuna mtu wetu wa kuiendesha? Sisi tunaona jibu lile lilikuwa zito mno, na lilituchelewesha kuwafundisha vijana wetu. Lakini swali lenyewe lilikuwa bora kuliko maswali mengi tunayoyasikia sasa, ambapo mtu husifia kila kifaa kipya kwa sababu ni kipya, au hukilaani kwa sababu kimesajiliwa kwa alama za vidole.

Kwa hiyo tunamtaka kada afanye kazi ambayo haina fahari. Aikusanye karatasi ya viwango vya kampuni na ile ya viwango vya Serikali, aziweke pamoja, na achukue fedha ambazo watu wa kijiji chake hutuma hasa, Sh. 20,000 au 50,000, aone kinachobaki. Aende kwa wakala amuulize ni watu gani wamepungua. Kisha ayapeleke hayo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu wetu hutakiwa kukutana kila miezi mitatu, yaandikwe katika muhtasari na yapande ngazi hadi kwa diwani na mbunge. Porojo ikiandikwa katika muhtasari hupata mwenyewe, tarehe na idadi. Inaweza kujibiwa, na anayekataa kuijibu naye hujulikana. Zipo ofisi za kata tulizozitembelea ambako muhtasari wa mkutano kama huo haujaonekana kwa muda mrefu, na ilhali kijiwe cha mita 50 kutoka hapo hukutana kila siku bila posho.

Tumalizie na sura ya mwisho ya tozo yenyewe, kwa sababu wengi waliacha kuifuatilia ushindi ulipotangazwa. Katika bajeti ya mwaka 2023/24 tozo ya kutuma fedha kwa simu ilifutwa. Kijiweni walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini tozo ya kutoa fedha iliachwa. Sasa mfanyakazi wa mjini anayelipia maji, umeme na duka kwa simu hana sababu kubwa ya kutoa fedha taslimu. Anayelazimika kuzitoa ni yule ambaye mnada wake, mashine yake ya kusaga na duka la kijiji chake havipokei malipo ya simu. Mkulima wa Ikungi alibaki analipa kwa sababu ya mahali anapoishi, na katika mikutano tuliyohudhuria mwaka ule hatukumsikia kada hata mmoja akiliuliza hilo.